Taka Katika Damu ya Baba Saadi

Mume wangu alirudi kutoka Nachingwea siku isiyo ya kurudi, na hakupiga kelele.

Watu wa Nkowe wanajua maana yake. Isihaka akija nyumbani mwisho wa mwezi, unamsikia kabla hujamwona. Anawatania shemeji zake njiani, anamwita mtoto wetu Saadi kwa majina ya ajabu ajabu, anatua kifurushi cha sukari mkekani kama mtu aliyeiteka nchi. Alikuwa dereva wa trekta kule kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, kazi ambayo vijana wa Ruangwa nzima waliionea gere, na yeye hakutaka mtu asahau. Siku ile aliingia uani nikiwa napeta ufuta, akakaa kwenye gogo, akaweka mkoba wake miguuni. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mama Saadi," akasema, "damu yangu ina taka."

Nilicheka. Naam, nilicheka, kwa sababu Isihaka ni mtu wa mzaha, na mwezi wa Ramadhani una mizaha yake ya njaa. Kisha nikamtazama machoni. Ungo ukanitoka mkononi na ufuta wote ukamwagika.

Alinieleza pole pole. Alikuwa juu ya trekta aking'oa visiki, jua la adhuhuri, macho yakaingia giza. Wenzake wakamteremsha na kumpeleka hospitali ya kambini. Daktari akamtoa damu, akaipima, na kesho yake akamwita pamoja na dresa wake, yaani msaidizi wake hospitalini, Kipriani, Mmakua wa Masasi, ambaye ndiye aliyekuwa akitafsiri. Walimwambia kwamba katika damu ya kila mtu mna taka fulani, Wazungu wanaiita kreatinini. Inatokana na nyama ya mwili inapofanya kazi, na figo ndizo zinazoichuja na kuitoa pamoja na mkojo. Kwa mtu kama yeye kipimo hukaa kwenye moja, au kuzidi kidogo. Chake kilikuwa kimekaribia tatu.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake figo hazichuji."

"Kwa nini hazichuji?"

"Ndicho wanachokitafuta. Wameniuliza mengi. Naumwa wapi, nimekunywa dawa gani ya mizizi, nimekunywa maji."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nimekunywa tele."

"Na ulikuwa umefunga."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimefunga."

Msimshangae upesi. Mwanzoni mwa mwezi ule dereva mmoja aliyefunga alishikwa na kizunguzungu, trekta lake likapanda kichuguu na kulala ubavu. Tangu hapo, aliyejulikana kwamba amefunga aliteremshwa kwenye mashine na kupewa shoka mpaka Idi. Shoka Isihaka alikuwa amelishika vya kutosha. Alikata vichaka muda mrefu kabla hajapewa kile kiti. Basi yeye na wenziwe walifunga kwa siri. Nyapara akipita na chupa za maji, kila mmoja anaipeleka yake mdomoni, koo linapanda na kushuka, na chupa inarudi imejaa vile vile. Isihaka alikuwa hodari wa mchezo huo kuliko wote, na alinisimulia kwa majivuno hata siku ile ya huzuni. Akataja pia kwamba jioni kabla ya kuanguka buldoza lilikurupusha pofu porini, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, akachinjwa kwa kisomo, nao wakafuturu kwa nyama mpaka wakashindwa kusimama. Hilo aliligusia tu, nami nililisikia nusu nusu. Sikuwa na akili ya nyama siku ile.

Akili yangu ilikuwa kwa baba yake. Mzee Saadi, ambaye mtoto wetu ana jina lake, alikufa amevimba. Kwanza uso asubuhi, halafu miguu, halafu tumbo, mpaka akawa halali ila amekaa, anapumua kama mtu anayevuta gari. Waganga walikuja na kuondoka. Mmoja wao ndiye aliyesema ni figo. Nilikuwa bi harusi mbichi, nilimwosha miguu yule mzee, na kila nilipobonyeza kidole lilibaki shimo. Ndiyo maana Isihaka alipotamka neno figo, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Jioni, nikitafuta sabuni katika mkoba wake, mkono wangu uligusa kitambaa kipya. Nikakivuta. Kilikuwa bafta, nyeupe, dhiraa za kumtosha mtu mzima. Mtu akinunua bafta namna ile, hapana haja ya kumuuliza anashona nini. Mume wangu alikuwa amejinunulia sanda.

Nikairudisha mkobani, nikaketi jikoni nikalia kwa sauti ndogo ili mtoto asisikie.

Daktari alikuwa ametaka kumlaza, Isihaka akaomba apumzike kwao kwanza na kurudi baada ya juma moja kupimwa tena. Alipewa maagizo. Asile nyama. Apunguze chumvi. Asifanye kazi nzito. Na anywe maji mengi mchana kutwa. Makatazo yote matatu tuliyabeba mpaka nyumbani bila kuyamwaga. Lile la maji ndilo lililopotea njiani, na aliyelipoteza ana jina.

Sisi Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya kwetu, na mama yake Isihaka, Bi Mwamina, alikuwa akiishi kwao Ruponda. Habari za ugonjwa zilimfikia upesi kuliko lori. Akaja na kibuyu chake mgongoni, akanisalimu, akamtazama mwanawe, akakaa juu ya kitanda chake kama askari wa zamu.

"Maji hapana," akasema.

"Mama, daktari amesema anywe."

"Daktari ana miaka mingapi? Mimi nimezika ntu wa figo. Baba yake alijaa maji, kila alichokunywa kilibaki ndani. Sasa huyu naye unataka nimjaze? Ntoto wangu hanywi maji."

Utamjibu nini mama mkwe aliyeyaona hayo kwa macho yake? Mimi mwenyewe niliyaona. Nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Ikawa jua likizama anamkaribia na kibuyu chake, anammiminia funda moja la kufungulia, funda la pili la kushushia, kisha anaziba kwa gunzi la hindi. Uji wangu aliukataa kwa sababu ni mwepesi. Kila asubuhi alimbonyeza mwanawe muundi kwa kidole gumba, akiangalia kama shimo litabaki. Halikubaki. Naye ananigeukia kwa ushindi: "Unaona? Havimbi, kwa sababu hanywi."

Na Isihaka, badala ya kuiacha saumu, aliikaza. Nilikwenda kwa Mwalimu Abdala wa msikitini, mtu mpole asiye na makuu, nikamuuliza mbele ya watu ili ushahidi uwepo. Akasema mgonjwa ana ruhusa ya kula na kunywa, atalipa siku zake akipona. Nikarudi mbio na jibu hilo nikidhani nimebeba dawa.

Isihaka akanitazama kwa huruma.

"Atalipa yule atakayeishi," akasema. "Mimi nitalipa lini?"

Mtu anayeogopa kifo ni mbishi kuliko punda. Alikuwa ameshayapanga moyoni. Kama anakwenda kukutana na Mola wake, hataki aende na deni la Ramadhani. Kila nilipomtaka anywe, aliona namnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Alinichukua shambani, akitembea kwa fimbo, akanionyesha mikorosho ipi ni ya mipakani na ipi wajomba wa Saadi wasije wakagombania. Alinisisitizia nani asimamie jando la mtoto. Nami nilikuwa nikiitikia, "Ndiyo, Baba Saadi. Sawa, Baba Saadi."

Alizidi kudhoofika. Ngozi ya mkono ukiivuta ilikaa imesimama. Alikuwa akikojoa kidogo sana, na mkojo wenyewe mweusi mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Bi Mwamina akasema ndiyo ile taka inatoka. Mimi nikamwomba Mungu iwe hivyo, na sikuamini.

Siku ya kurudi hospitali nilisema nakwenda naye. Alikataa. Nikamwambia basi na avuke juu yangu, nitalala mlangoni. Hakuwa na nguvu za kuvuka hata kizingiti, tukaenda wote, Bi Mwamina akabaki na Saadi.

Tulipata lori pale Ruangwa, tukapanda juu ya magunia ya ufuta. Vumbi lilitufuata njia nzima. Tulipoipita Ruponda nilikuwa nimeshaamua, na kwa kuwa sijui kuficha nikishaamua, nikamwambia.

"Leo daktari akikuuliza habari za maji, usiposema kweli nitasema mimi."

Alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Utasema nini?"

"Kwamba umefunga. Kwamba ulikuwa umefunga siku ile ulipoanguka. Kwamba mpaka leo unafunga."

"Watanivua kile kiti."

"Unakwenda kaburini na bado unataka kiti?"

"Nikipona nitakitaka," akasema. "Na nisipopona, sitaki Mzungu anifungulishe kwa nguvu kitandani kwake nife mikono mitupu." Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikipita barabara ile nayasikia. "Sikiliza, Biasha. Ukitamka mbele ya daktari kwamba nimefunga, umeachika. Talaka moja."

Hakuniita Mama Saadi. Aliniita jina langu, kama anavyoitwa mtu anapoozeshwa na anapoachwa. Mzee mmoja aliyekaa karibu yetu juu ya magunia aligeuza uso pembeni kwa aibu. Nikajua amesikia, na talaka iliyofungwa kwa sharti mbele ya masikio ya watu si maneno ya hasira ya kusahauliwa. Sharti likitimia, imepita.

Niliogopa upande huu na upande huu. Nikisema, sina mume. Nisiposema, sina mume vile vile.

Hospitalini walimtoa damu, tukakaa kwenye benchi tukingoja. Isihaka alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi. Walipotuita, Kipriani alinizuia mlangoni, nikapita chini ya mkono wake. Alikuwa kijana mwembamba, mstaarabu, akaniacha.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu na sauti ya chini. Mezani kwake palikuwa na vijichupa viwili vyembamba vya kioo. Alinyoosha kidole, Kipriani akatafsiri. Wanachukua maji ya damu, wanatia dawa ya manjano, na ile taka inaigeuza dawa kuwa nyekundu. Taka ikiwa kidogo, rangi inabaki manjano. Ikizidi, wekundu unazidi. Kijichupa cha kwanza ni cha mtu mzima asiye na ugonjwa. Kilikuwa na rangi ya bibo la manjano, tunda la mkorosho. Cha pili kilikuwa chekundu kama bibo jekundu lililoiva mpaka likaanguka lenyewe.

"Hicho ni cha nani?" nikauliza, na nilijua.

"Cha mumeo," akasema Kipriani. "Juma lililopita kipimo kilikaribia tatu. Leo kimepita nne."

Isihaka akatamka shahada kwa mnong'ono. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nikaona kwa macho yangu ile bafta imetandikwa.

Daktari alimuuliza tena maswali yale yale. Umekula nyama? Hapana. Dawa za mizizi? Hapana. Umekunywa maji kama tulivyokwambia?

"Nimekunywa tele," akasema Isihaka.

Nikamtazama. Ulimi ulikuwa umemganda mdomoni na bado alikuwa anasema tele! Hasira ilinipanda, ikaipita hofu. Lakini sikutaka kuachika, jamani. Nilimpenda mtu yule na mizaha yake yote. Nikajaribu njia ya pembeni.

"Bwana Dresa," nikamwambia Kipriani, "mgonjwa amechoka kwa safari. Naomba maji ya kunywa, mpe hapa hapa, mbele ya daktari."

Kipriani akaleta kikombe cha bati kimejaa. Isihaka akanipiga jicho, akakipokea kwa mikono miwili. Akakipeleka mdomoni. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena. Akajifuta midomo kwa kiganja, akasema ahsante, akakiweka mezani. Daktari alikuwa ameshageuka kuviangalia vijichupa vyake.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo watu huitumia kumsema aliyekwisha kufa. Wangu alikuwa bado hai, amekaa mbele yangu, anajificha ndani ya kikombe.

Nikakichukua kile kikombe nikakipeleka chini ya pua ya daktari.

"Tazama," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa mno kwa chumba kile. "Kimejaa vile vile. Kipriani, mwambie. Mtu huyu hajanywa. Hajanywa leo, hajanywa jana, na siku aliyoanguka kwenye trekta alikuwa hajanywa. Amefunga. Jua likichwa anapewa mafunda mawili, kwa sababu nyumbani tunaogopa atavimba kama baba yake. Mwambie yote."

Kipriani alibaki kinywa wazi. Isihaka alinitazama, na mimi nikajua kwamba kuanzia neno lile, *amefunga*, nimesimama pale si mke wa mtu.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa. Kwanza nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa akifikiri. Akauliza kuhusu chakula cha jioni ile kabla ya kuanguka, na mara hii Isihaka akasema kweli, habari ya pofu. Akapiga magoti sakafuni, yule Mzungu mzima, akambonyeza Isihaka muundi kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya Bi Mwamina. Akainua kidole. Hapakuwa na shimo. Akaivuta ngozi ya mkono, ikasimama. Akamtazama ulimi.

Kisha akazungumza, naye Kipriani akatafsiri kwa utaratibu, akinitazama mimi.

"Anasema taka hii ni alama tu. Inapanda figo zikiwa zimeharibika, ni kweli. Lakini inapanda pia kama figo hazina maji ya kufanyia kazi, na nyama nyingi nayo huiongeza kidogo. Anasema wewe ukipewa nguo zote za nyumba uzifue kwa kikombe kimoja cha maji, zitatakata?"

"Hazitatakata."

"Na mtu akizikuta chafu atasema huyu mwanamke mvivu."

"Atakoma," nikasema, na Kipriani akakitafsiri hata hicho, maana daktari alicheka.

"Anasema mpaka sasa hajui kama ni figo zenyewe au ni kiu. Zikikaa muda mrefu bila maji, kiu yenyewe itaziua. Anywe, alazwe hapa, apimwe tena. Kipimo kikishuka, ilikuwa kiu. Kisiposhuka..." Kipriani hakumaliza.

"Na baba yake?" nikauliza. "Alijaa maji."

"Anasema mwenye uvimbe hupunguziwa maji, ni sawa kabisa. Mumeo hana uvimbe. Ugonjwa ule si huu, au bado haujawa huu."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamgeukia Isihaka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na nikastaajabu mwili ule mkavu umeyatoa wapi.

"Isihaka," nikasema, nami nikamwita jina lake. "Nimeshaachika kwa ajili ya maji haya. Usipokunywa, nimeachika bure."

Akakitazama kikombe kwa muda. Akakipokea, akasema Bismillahi, na safari hii maji yalipungua. Alikunywa kama ng'ombe wa machungani, yakimwagika shingoni. Kipriani akaleta kingine.

Alilazwa. Mimi nilikaa kwa shangazi yangu Moza, pale mjini Nachingwea, na mchana nilimpelekea uji mwepesi kuliko uji wote niliowahi kupika. Nilimwekea karibu na kitanda, nikarudi nyuma, nikajifunika kanga vizuri, kama ninavyofanya mbele ya mwanamume asiye wangu. Hatukuzungumza ila habari za mkojo. Kila siku niliuliza, na kila siku alijibu kwa aibu kwamba umeongezeka, kwamba umeanza kuwa mweupe. Usiku nilikuwa siwezi kulala. Nilikuwa nawaza kisiposhuka, kisiposhuka, na yale maneno ya daktari ambayo Kipriani hakuyamaliza mimi niliyamaliza kwa kila namna.

Siku ya kupimwa, Kipriani mwenyewe alitoka nje kunifuata. Alikuwa ameshika kijichupa, amekiinua juu kwenye jua ili nione. Rangi ilikuwa ya bibo la manjano lenye wekundu kidogo shavuni.

"Moja na nusu," akasema.

Niliketi chini pale pale mchangani. Sikumbuki nilisema nini. Kipriani alinieleza baadaye kwamba nilimshukuru Mungu, na daktari, na ng'ombe, na sijui ng'ombe gani.

Daktari alituonya. Hakijafika kwenye moja, na huenda zile figo zimebaki na kovu. Arudi kupimwa, na kabla ya Ramadhani nyingine aje waulizane kwanza. Mwaka huu asifunge tena. Na asiwadanganye tena watu wanaomtoa damu, kwa sababu damu wanaisoma pamoja na maneno ya mwenyewe, na maneno yakiwa ya uongo, damu nayo inasomeka vibaya.

Kiti cha trekta alivuliwa kweli. Mwaka uliofuata matrekta yenyewe yalianza kusimama moja moja, na kile kiti alichokuwa tayari kufa kwa ajili yake kikaota kutu porini, kuku wa watu wakitagia.

Tulirudi Nkowe mchana, Ramadhani ikiwa bado haijaisha. Kaka yangu Amri na Mwalimu Abdala walikuwa barazani, maana habari ya talaka ilikuwa imetutangulia. Yule mzee wa kwenye magunia alikuwa na mdomo. Bi Mwamina alikuja mbio kumshika mwanawe uso. Nikamweleza yote, rangi za vijichupa, kidole gumba, nguo na kikombe cha maji. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijapata kutokea. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Basi na baba yake nilimnyima maji bure?"

"Hapana, mama. Nilimuuliza daktari. Mwenye uvimbe hupunguziwa maji. Ulifanya sawa."

Akakaa chini. Alifunika uso kwa kanga, na tukamwacha alie.

Isihaka alikuwa amesimama uani, hajui akae wapi. Nyumba ni ya kwetu, nami niko edani. Hata gogo lake la kukalia lilikuwa si lake. Mwalimu Abdala akamwambia kwa upole kwamba talaka ni moja, eda haijaisha, akitaka kunirejea ni kauli tu, na mashahidi wapo.

"Nataka," akasema Isihaka.

"Anywe kwanza," nikasema.

Wote wakanigeukia. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa. Ukimtoa yeye, pale uani hapakuwa na mtu mzima ambaye hakufunga, majirani wamesimama uzioni wanatazama, na mtu yule aliyeificha saumu yake kwa Wazungu sasa nilikuwa namtaka anywe maji mchana kweupe mbele ya Waislamu wa Nkowe. Kisheria sina haki ya kumwekea sharti. Nililiweka hivyo hivyo. Yeye alianza masharti.

Isihaka aliona haya mpaka masikio yakamwinama. Akamtazama Mwalimu, Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesogea kumpa maji.

Ndipo Bi Mwamina akainuka. Alikwenda kwenye kibuyu chake, akachomoa lile gunzi, akajaza kata mpaka ikafurika, akamletea mwanawe kwa mikono miwili. Isihaka akanywa. Tulisikia kila funda. Akaigeuza kata chini juu kunionyesha kwamba haikubaki hata tone.

"Nimekurejea, Mama Saadi," akasema.

Mama mkwe alikuwa ameshachota tena.

"Bado," akamwambia. "Nywa na hii."